Mbao Kumi na Mbili za Upande wa Kushoto

Kwa miaka mingi mume wangu alichimba mifereji kwa patasi na nyundo ya mti, na mimi nilikuwa nikipiga msasa na vanishi. Ndivyo tulivyogawana kazi katika karakana yetu ya Pasiansi tangu watoto wakiwa wadogo. Mtu akileta oda ya kabati, yeye anapima, anakata, anaunga. Kikifika kwangu ni kitu kilichokwisha simama, kinasubiri kulainishwa. Sikuwahi kujiita fundi, na wala hakuna aliyeniita hivyo. Wateja walinisalimia, kisha wakauliza, "Fundi yupo?"

Mfereji ninaousema ni ule unaokatwa kwenye ubao wa ubavuni wa kabati ili ncha ya rafu iingie ndani yake. Rafu iliyopigiliwa misumari tu huanza kulegea ikibeba mzigo. Rafu iliyoingia kwenye mfereji hukaa, kwa sababu mzigo unabebwa na ubao wenyewe. Mume wangu alikuwa mkali sana katika jambo hilo. Alikata kingo mbili kwa msumeno wa mkono, halafu akachimbua katikati kwa patasi, taratibu, mpaka rafu iingie kwa kugongwa kidogo na kiganja. Ikiingia kwa urahisi mno alinuna siku nzima.

Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza ganzi. Mwanzoni vidole vitatu tu, asubuhi, na alikuwa akiukung'uta mkono kama mtu aliyelalia ubavu vibaya. Baada ya miezi michache patasi ikawa inamponyoka. Daktari alimwambia mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, unaweza kufunguliwa kwa upasuaji mdogo, lakini kuna foleni ya wagonjwa, na kwa sasa aache kugonga. Alirudi nyumbani akanieleza yote hayo kwa ufupi sana, kisha akaenda karakana akakaa.

Wakati huo tulikuwa tumeshapokea oda ya makabati sita ya vitabu ya shule moja ya wasichana upande wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Kila kabati rafu tano, za mninga. Mbao zilikuwa zimeshafika, zimekauka, zimeegemezwa ukutani. Hesabu ya mifereji ilikuwa sitini.

"Tumtafute fundi mwingine atusaidie," nilisema.

"Nani?" akauliza.

Nikataja wawili. Kuhusu mmoja, akasema anapiga misumari kila kitu. Kuhusu mwingine, akasema ana mikono mizito. Nilijua kwamba hata ningemtajia kumi, wote wangekuwa na kasoro.

Sasa, katika karakana yetu kulikuwa na msumeno wa meza ambao alikuwa ameununua zamani kutoka karakana moja ya misheni iliyokuwa inafungwa. Ni meza ya chuma, na katikati yake diski ya msumeno inachomoza. Ubao unausukuma wewe. Tuliutumia kupasulia mbao tu. Pamoja na mashine walitupatia boksi la mbao lenye vyuma vizito vilivyofungwa kitambaa chenye grisi. Mume wangu alilifungua siku ile ile, akaangalia, akalifunga. Tangu hapo lilikuwa likitumika kukandamizia vitu vilivyopakwa gundi.

Mimi ndiye niliyelifungua tena. Ndani kulikuwa na diski mbili za msumeno, na vipande vinne vidogo vyenye meno mawili tu, kila kimoja kikiwa na umbo kama la kipepeo. Niliwahi kuona kitu hicho kwenye simu. Jioni nilitafuta tena ile video, ya mzee mmoja anayeongea Kiingereza cha haraka, na nikamwona akipanga diski moja, halafu vipepeo, halafu diski ya pili, vyote kwenye shafti moja. Mashine ikiwashwa, mpangilio huo wote unakata kama msumeno mmoja mnene. Ukipitisha ubao mara moja, unatoka na mfereji wenye sakafu bapa na kuta mbili zilizosimama. Ukitaka mfereji mwembamba, unapunguza vipepeo. Ukitaka mpana, unaongeza.

Nilimpa mume wangu simu. Akatazama, akarudisha video mwanzo, akatazama tena.

"Huyu hana kinga juu ya msumeno," alisema.

"Haiwezekani kuweka. Ubao unapita juu yake."

"Ndiyo maana sikutaka."

Kumbe alikuwa akijua siku zote yale ni mavyuma ya nini. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia, akasema sikuwahi kuuliza. Yeye ni Mhaya wa kule Bukoba, watu husema Wahaya wanapenda kujieleza, lakini wa kwangu maneno yake yalihesabiwa kabla hajazaliwa. Mimi nimetoka Kisesa, nyumba ya watu wanaoongea wote kwa pamoja.

Tulianza kesho yake. Alikaa kwenye stuli, mkono wa kulia mapajani, akanielekeza. Kwanza kuchomoa waya wa umeme ukutani, siyo kuzima swichi tu. Hapo alikuwa na sababu: umeme wa kwetu hukatika ukiwa kazini, na ukirudi huku swichi imewashwa, mashine inaamka yenyewe. Halafu kupanga diski. Vipepeo visilingane meno yake; kimoja kiangalie juu, kingine pembeni, ili visigongane. Nati iume nyuzi zote za shafti, la sivyo tusiwashe. Kile kibamba cha chuma kinachozunguka msumeno juu ya meza kilikuwa na tundu jembamba, kwa hiyo tulitengeneza kingine cha mbao chenye tundu pana. Nasema tulitengeneza. Alipima kwa mkono wa kushoto, mimi nikakata.

Jambo la mwisho lilikuwa ni kutelezesha ubao bila kuupindisha. Alinichorea chini kwa chaki kitoroli kidogo cha mbao, chenye miguu miwili ya kuingia kwenye njia zilizo juu ya meza ya msumeno. Ubao unalala kwenye kitoroli, na kitoroli ndicho kinachosukumwa. Kukitengeneza kulichukua siku mbili, kwa sababu alinirudisha mara tatu. Pembe haikuwa sawa. Mimi niliona iko sawa. Aliweka kiguni, kile kipimo cha pembe, akanionyesha mwanga uliokuwa ukipenya, mwembamba kama uzi.

Mlio wa mashine siku ya kwanza ulinitisha. Ule msumeno wa kawaida hupiga kelele za juu. Huu ulikuwa unanguruma kwa chini, na meza nzima ilikuwa inatetemeka miguuni mwangu. Nilisukuma kipande cha paini. Maranda yaliruka mpaka kwenye shingo ya gauni langu. Nilipozima na kugeuza kile kipande, mfereji ulikuwa pale, umenyooka, kama umechorwa kwa rula. Nikajaribu kuingiza kipande cha rafu. Kikaingia bila kugusa ukuta wowote.

"Umelegea," alisema mume wangu.

Tukaondoa kipepeo kimoja, tukakata pete za karatasi kutoka kalenda ya zamani, tukaziongeza na kuzipunguza moja moja katikati ya diski. Moja ikizidi, rafu inacheza. Moja ikipungua, haiingii. Tulitumia asubuhi yote kwa jambo hilo. Kabla ya chakula cha mchana rafu iliingia kwa kugongwa na kiganja, na alipoigonga, kwa kushoto, alitikisa kichwa kidogo kunikubalia. Sikumbuki kama kuna sifa nyingine aliyowahi kunipa iliyonifurahisha kuliko ile.

Mifereji sitini niliimaliza kwa siku mbili. Angeichimba kwa wiki mbili au tatu mkono ukiwa mzima. Nilimwona akiihesabu kwa macho, nikajua kuna kitu kinamuuma ambacho siyo mkono.

Iliyobaki ilikuwa hatua ya nyuma. Kila ubao wa ubavuni hukatwa hatua ndefu, mfano wa kidato cha ngazi, kwenye ukingo wake wa nyuma, kutoka juu mpaka chini, ili plaiwudi ya mgongo wa kabati iingie humo na isionekane kwa pembeni. Kwa kazi hiyo kitoroli hakitumiki. Ubao unalazwa kifudifudi, ukingo wake unakaa kwenye kizuizi cha pembeni, unausukuma kwa urefu.

Nilisukuma ubao wa kwanza nikiwa nimesimama nyuma yake moja kwa moja. Nilikuwa nimeshaambiwa nisisimame hapo. Katikati ya safari ubao ulinyanyuka kidogo, meno yakauuma, na ukarudi. Sikuuona ukirudi. Nilisikia tu pigo kwenye nyonga, nikajikuta nimekaa chini kwenye maranda, na mashine bado inanguruma. Mume wangu ndiye aliyezima. Sijui alifikaje pale kwa haraka hiyo.

"Vidole," alisema. "Nionyeshe vidole."

Nikamwonyesha kumi vyote. Akavishika kimoja kimoja kama anayemkagua mtoto. Uso wake ulikuwa umekauka. Nyonga ilivimba, ikawa nyeusi, na kwa wiki nzima nililalia upande mmoja, lakini hakuna kilichovunjika. Ubao wenyewe haukuharibika.

Siku hiyo tulifunga karakana saa nane mchana. Asubuhi akanishangaza: nilidhani atasema basi, tutafute fundi. Badala yake nilimkuta amekwisha chora kibanio: ubao wenye meno marefu ya mbao mfano wa kitana, unaofungwa pembeni na juu, ili ukandamize kazi isinyanyuke na isirudi nyuma. "Tengeneza viwili," alisema. "Na usimame kushoto, siyo nyuma."

Nilitengeneza. Nilisimama kushoto. Nikapitisha ubao mmoja, ukaenda vizuri. Wa pili ukaenda vizuri. Nilikuwa ninaogopa kiasi kwamba nilipoona namna moja inafanya kazi, niliishikilia namna hiyo hiyo: nauchukua ubao, naulaza kifudifudi, natanguliza upande wa miguuni, nasukuma. Mbao kumi na mbili zote nilizitanguliza kwa miguu. Nilipomaliza nilizima mashine, nikakaa, nikanywa maji, nikajiona nimeshinda.

Kosa alilitambua mume wangu tulipopanga kabati la kwanza bila gundi, kuangalia tu linavyokaa. Nilishika ubavu wa kushoto, yeye akashikilia wa kulia kwa bega lake. Tukaingiza rafu.

"Hatua ya nyuma ya huku iko wapi?" akauliza.

Niliangalia. Upande wangu ilikuwa nyuma, mahali pake. Upande wake ilikuwa mbele.

"Geuza huo wako," nikasema.

Akaugeuza juu chini. Hatua ikaja nyuma, lakini mifereji ikakataa, kwa sababu rafu za chini zilikuwa zimeachiana nafasi kubwa kwa ajili ya vitabu virefu, na sasa nafasi kubwa ilikuwa juu. Akaurudisha. Akauegemeza ukutani, akaenda kwenye wa tatu, wa nne, mpaka wa mwisho. Zote zilikuwa ubavu wa kushoto. Mbao sita zilitakiwa kutangulia miguu, na sita kichwa. Ilikuwa ni kugeuza tu ubao kabla ya kusukuma.

Nilikaa juu ya rundo la plaiwudi. Nilitaka kulia, lakini nilikuwa na hasira zaidi. Mninga wote ule. Nikasema nitanunua mbao nyingine sita kwa fedha yangu ya kikundi cha kuweka na kukopa, na shule isubiri.

"Hakuna haja," alisema. Hakupandisha sauti. "Mwaka wa kwanza nilipokuwa najifunza nilikata miguu ya meza nzima mifupi. Nilitoroka siku tatu."

"Hujawahi kuniambia hilo."

"Hukuuliza."

Hapo nilicheka, ingawa sikutaka.

Tulifanya hivi. Kwenye zile mbao sita tulijaza ile hatua iliyokaa mbele kwa utepe wa mninga, ukapakwa gundi, ukabanwa mpaka kesho yake. Kisha tukaupiga randa ya mkono ukawa sawa na ubao. Kazi ya randa aliifanya yeye, mkono wa kushoto ukisukuma na wa kulia ukilala juu kuongoza tu. Baada ya hapo nikakata hatua mpya nyuma, kichwa kikitangulia, na kabla ya kila ubao alisema "huu?" nami nikajibu "huu." Mninga haufanani rangi. Hata tulipochagua kwa makini, ukitazama ukingo wa mbele wa ubavu wa kulia unaona mstari, na upande mmoja wa mstari una wekundu kuzidi mwingine.

Nilitaka mwalimu mkuu wa ile shule ajue kabla. Mume wangu aliona haina maana. Kiraka kilikuwa imara kuliko ubao wenyewe. Tulibishana kidogo. Mwishowe nilipiga simu mwenyewe.

"Shikamoo, mwalimu. Makabati yako tayari, ila mbavu sita zina kiraka mbele. Nilikosea kukata."

"Marahaba. Kiraka kinaonekana?"

"Ukitazama kwa karibu."

"Vitabu vitakaa?"

"Vitakaa."

"Basi leteni. Wasichana wanaweka vitabu sakafuni."

Tulivuka na kivuko cha Kamanga, makabati yakiwa yamefungwa mablanketi ndani ya gari la kukodi. Watu wengi siku hizi huzunguka kwa daraja, lakini dereva wetu alisema barabara ya kule ingeyatikisa. Shuleni tuliyapanga kwenye ukuta mmoja mrefu. Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na jambo la kwanza alilofanya ni kuegemea rafu ya katikati kwa viganja vyote viwili, kwa uzito wake wote. Haikulia. Akamuuliza mume wangu rafu zimeshikwa na nini, maana haoni msumari.

Mume wangu akaeleza. Alieleza vizuri, kwa maneno mengi kuliko niliyosikia kwa mwezi mzima: diski mbili, vipepeo, pete za karatasi, kitoroli, kibanio. Mwalimu alikuwa akiitikia, "Hongera fundi, hongera sana." Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa, nafuta vumbi la safari kwenye rafu. Hakuna aliyenigeukia.

Nilingoja mpaka tulipokuwa kwenye kivuko, tumesimama ukingoni.

"Ungemwambia nani aliyekata," nilisema.

"Nilisema tulikata."

"Alikupongeza wewe."

"Ulishamwambia kwenye simu kwamba wewe ndiye uliyekosea," alisema. "Nilidhani anajua."

Ilikuwa kweli, na bado ilinikera. Wiki iliyofuata mteja mmoja alikuja kuuliza bei ya kabati la vyombo, na aliposema "Fundi yupo?" nikamwambia yupo, sema shida yako. Akasema. Nikampimia.

Zamu ya upasuaji ilifika miezi mitano baadaye. Walimfungua kifundo cha mkono, wakamshona, akarudi nyumbani jioni hiyo hiyo akiwa na bandeji kubwa. Vidole viwili vilirudi kabisa. Kidole gumba hakikurudi sawa. Anaweza kushika kikombe, na anaweza kushika patasi kwa nusu saa, halafu anaiweka.

Siku aliporuhusiwa kugonga tena alichukua kipande cha mninga kilichobaki na kuchimba mfereji mmoja, kwa msumeno wa mkono na patasi, kama zamani. Ilimchukua muda mrefu. Alitokwa jasho. Kisha akaleta kipande kingine nilichokata mimi kwa mashine, akaviweka sambamba kwenye meza, akaweka kiguni kwenye wa kwanza, halafu wa pili.

"Wako umenyooka," alisema. "Wangu kona zake ni safi. Diski zako zinaacha mikwaruzo chini."

"Chini hakuonekani. Rafu inafunika."

"Mimi naona."

Ilikuwa kweli, zile diski za pembeni huacha vimstari viwili vyembamba kwenye kona za sakafu ya mfereji. Tangu siku hiyo, kabla ya gundi, yeye hupita kwenye kila mfereji na patasi akivisafisha, hata pale ambapo hakuna mtu atakayepaona kamwe. Zamani ningesema anapoteza muda. Siku hizi namwachia, kwa sababu nimegundua kwamba rafu inaingia vizuri zaidi, na kwa sababu ni kazi inayochukua nusu saa tu.

Sasa tuna oda ya duka la dawa la Kisesa, droo nyingi ndogo, na kila droo ina mfereji wa kushika ubao wake wa chini pande zote nne. Leo asubuhi nimefunga diski mbili na kipepeo kimoja, nikapima kina kwenye kipande cha paini. Yeye alikuwa nje anachagua mbao, akizigonga moja moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mbili amezikataa. Nimemuuliza kwa nini, akasema zina maji. Nimezigonga mwenyewe, sikusikia tofauti, nikazirudisha pembeni alikoziweka.